Imehimili mzigo wa saa nzima, mbona inaganda ikipumzika?

*Swali: Mwalimu, kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikipata joto sana na feni zikivuma mchana kutwa, nikaamua kuishusha. Kasi ya viini vyote vya prosesa nimeitoa gigahezi 4.2 nikaiweka 3.6, na volteji nimeipunguza milivolti 125 kwa punguzo moja kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio inayotangulia mfumo endeshi. Nikaendesha jaribio la mzigo kwa saa nzima, haikutetereka. Lakini ndani ya wiki moja, mara mbili nimeiacha usiku bila kazi na asubuhi nikaikuta imeganda: kipanya hakitembei, wala hakuna skrini ya bluu. Inawezekanaje ihimili kazi nzito halafu ishindwe kupumzika? Na nipime kwa saa ngapi ndipo niseme imetulia?*

Ndugu yangu, jaribio lako halikukudanganya. Uliliuliza kama prosesa inatosheka na volteji uliyoibakishia pale viini vyote vinapokuwa kazini kwenye gigahezi 3.6, likakujibu ndiyo. Usiku kompyuta yako iko mahali pengine kabisa, ambako jaribio lile halikufika.

Prosesa ya siku hizi haiishi kwa volteji moja. Ifikirie kama ngazi: kila kidato ni kasi fulani, na kila kasi imepangiwa volteji yake tangu kiwandani. Tuseme, kwa mfano tu, kidato chako cha gigahezi 3.6 kilipangiwa volti 1.20, na kile cha chini kabisa, megahezi 800 za kupumzikia, kilipangiwa volti 0.70. Punguzo moja la BIOS hukatwa kwenye vidato vyote kwa kiasi kilekile. Milivolti 125 zikitoka kwenye volti 1.20 umeondoa asilimia 10 hivi. Zikitoka kwenye 0.70 umeondoa karibu asilimia 18. Mwenye akiba ndogo ndiye aliyetozwa zaidi.

Tena kompyuta isiyo na kazi haijatulia kama inavyoonekana kwa macho. Viini vinalazwa na kuamshwa mara nyingi sana kila sekunde, maana mfumo endeshi daima una kijikazi cha kufanya. Kiini kinapoamka, mkondo wa umeme unaruka ghafla na volteji inazama kwa kitambo kifupi mno kabla saketi za ubao mama hazijairekebisha. Kukiwa na nafasi, mzamo huo unapita bila madhara. Nafasi ikiisha, ndipo unapoikuta asubuhi imeganda. Hata hivyo dalili hiyo peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu RAM, draiva na pawa saplai nazo zinaweza kukuletea mgando wa aina hiyohiyo. Namna ya kuzitenganisha nitaifikia.

Usivunjike moyo ukarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kwani faida unayoitafuta ni ya kweli. Nguvu inayoliwa na saketi zinapofanya kazi hufuata kasi, na hufuata volteji ikizidishwa kwa yenyewe. Kutoka gigahezi 4.2 kwenda 3.6 kunaokoa asilimia 14. Kutoka volti 1.20 kwenda 1.075 kunaokoa takriban asilimia 20, ingawa volteji yenyewe imeshuka kwa asilimia 10 tu. Ukizichanganya hizo mbili unapata kama asilimia 31. Anayeshusha kasi na kusahau volteji ameacha sehemu kubwa ya mavuno shambani.

Lakini lazima ujue unachochezea. Ndani ya prosesa kila pigo la saa yake lina ukomo: ishara zote ziwe zimefika kabla ya pigo linalofuata. Kwenye gigahezi 4.2 muda huo ni nanosekunde 0.24 hivi, kwenye 3.6 ni 0.28. Volteji ikishuka, transista hufunguka polepole na ishara huchelewa. Kasi ya chini inazipa muda zaidi, na ndiyo sababu inavumilia volteji ya chini. Sasa ishara ikichelewa kupita ukomo, huwezi kutabiri kitakachotokea. Pengine mfumo utaanguka mara moja, na hilo ni heri, kwa sababu utaliona. Pengine tarakimu moja itageuka katikati ya hesabu, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Hilo la pili ndilo linaloniogopesha. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walichapisha kisa cha prosesa iliyotakiwa kukokotoa 1.1 kwa kipeo cha 53 na kutoa sehemu nzima ya jibu, yaani 156. Ikatoa 0. Kwa kuwa jibu lile lilitumika kama ukubwa wa faili, mafaili yakapotea wakati wa kufunguliwa, na hakuna mtambo uliolalamika. Prosesa ile ilikuwa na kasoro yake yenyewe, haikushushwa volteji na mtu, lakini kosa la volteji hafifu linaweza kuja kwa sura hiyohiyo. Mimi nililipata kwa njia ndogo zaidi: nilishusha volteji ya mashine yangu, nikaipima saa mbili, nikaridhika, na wiki kadhaa baadaye nikakuta mafaili mawili ya picha nilizozibana yanakataa kufunguka. Mashine haikuwa imeanguka hata siku moja. Tangu hapo sipimi kwa kuangalia kama kompyuta imebaki hai. Ninapima kama majibu yake ni sahihi.

Ndiyo maana programu ya kuchosha prosesa tu haitoshi. Unahitaji inayojua jibu na kulilinganisha. Prime95 imedumu kwenye kazi hii kwa sababu iliundwa kutafuta namba tasa za Mersenne katika mradi wa GIMPS ulioanza 1996, kazi ambayo hesabu moja inaweza kuchukua siku nyingi na kosa moja linaiharibu yote. Ikikuta jibu limepotoka inasimamisha kiini husika na kukuandikia kosa. y-cruncher, iliyotengenezwa kukokotoa pai kwa tarakimu nyingi, nayo inajikagua, na mahesabu yake yanaligusa silikoni kwa namna tofauti, hivyo hukamata yaliyopita kwa mwenzake. Kwa wa Linux, Prime95 inaitwa mprime, na stress-ng ikipewa chaguo la --verify inafanya ukaguzi wa namna hiyo.

Kabla ya kugusa volteji tena, safisha uwanja. Weka nakala rudufu ya mafaili yako kwenye diski ambayo utaichomoa. Rudisha RAM kwenye kasi yake ya kawaida kwa kuzima XMP au EXPO, mipangilio ya BIOS inayoiharakisha, kisha ipime kwa programu ya Memtest86+, kwa sababu RAM iliyokazwa inatoa makosa ambayo huwezi kuyatofautisha na ya prosesa. Halafu endesha majaribio yaleyale kwenye volteji ya kiwandani. Hatua hii watu wanairuka wakiona inapoteza muda, na matokeo yake wanaishia kuilaumu volteji kwa dhambi ya draiva.

Unaposhusha, tanguliza kasi, iache hapo, ndipo ushushe volteji. Nenda kwa hatua za milivolti 25 mwanzoni, kila hatua dakika 10 au 15 za Prime95, na ukianza kukaribia ukingo nenda kwa 10 au 5. Nakusisitizia hapa: shuka mpaka ishindwe. Wengi hufika mahali fulani pazuri, wakaona inapita, wakasimama. Hao hawajui kama wako hatua moja au kumi kutoka shimoni. Ukishalijua shimo lilipo, panda milivolti 25 au 30 juu yake, na hapo ndipo majaribio marefu yanapoanza.

Katika majaribio hayo marefu kuna mtego mmoja ambao umewapata wengi. Prime95 ikitumia amri za AVX, zinazokokotoa namba nyingi kwa pamoja, inavuta umeme mwingi sana. Joto likifika kikomo, au nguvu ikifika kikomo kilichowekwa kwenye BIOS, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe bila kukuambia. Wewe unaamini unapima gigahezi 3.6, kumbe inakimbia 3.2, na kwenye 3.2 volteji yako inatosha na kusaza. Kwa hiyo fungua HWiNFO, programu inayosoma vipimo vya mashine, kando na utazame kasi halisi muda wote. Kama inayumba chini ya uliyoweka, jaribio hilo limekupima jinsi kipoza joto kinavyofanya kazi, halijakuambia lolote juu ya volteji.

Dawa yake ni kupima kwa namna mbili. Endesha jaribio la Prime95 liitwalo Small FFTs pamoja na AVX, ambapo mkondo ni mkubwa na volteji inazama zaidi chini ya mzigo. Kisha zima AVX na urudie, ili joto lipungue na kasi isimame pale ulipoiweka. Baada ya hapo pima kiini kimoja kimoja. Kuna programu iitwayo CoreCycler inayochukua Prime95 au y-cruncher na kuihamisha kutoka kiini hadi kiini, kimoja kikifanya kazi na vingine vikipumzika. Kama hujaizuia kasi ya kiini kimoja, hapo ndipo prosesa inapopanda vidato vya juu kabisa, ambavyo jaribio la viini vyote halivigusi. Na viini havikuzaliwa sawa. Kwenye prosesa za AMD Ryzen za kuanzia familia ya 5000, mpangilio wa Curve Optimizer unakuruhusu kuweka punguzo la kila kiini peke yake, na mara nyingi utaona viini vilivyoteuliwa kiwandani kuwa bora ndivyo vinavyokubali punguzo dogo zaidi. Inashangaza mpaka ukumbuke kwamba ubora wao umeshatumika: tayari vinasukumwa kwenda kasi kubwa kuliko wenzao.

Wenye Ryzen wajihadhari na jambo jingine. Volteji ikipungua mno, prosesa hizo zinaweza kurefusha mapigo yake badala ya kuanguka. Kasi inayoonyeshwa inabaki ileile, kazi inayofanyika inapungua. Pima alama za programu moja ya kulinganisha uwezo kabla na baada ya kushusha volteji, kasi ikiwa ileile. Alama zikishuka, umepita kiasi hata kama hakuna kosa lililoandikwa.

Sasa yale ambayo jaribio zito haliyafikii kabisa, na ndiko tatizo lako lilipo. Anzisha mzigo kwa dakika moja, usimamishe kwa sekunde 10, uanzishe tena, kwa saa moja au mbili, ili volteji ipande na kushuka mara nyingi. Bana folda kubwa kwa 7-Zip, uikague, urudie mara nyingi. Hiyo ni kazi halisi yenye majibu yanayolinganishwa. Ilaze kompyuta na uiamshe mara kadhaa. Iache usiku bila kitu. Na asubuhi, iwashe ikiwa baridi na uipe mzigo mara moja. Tumezoea kudhani kwamba joto ndilo adui pekee, lakini kwenye volteji za chini transista za teknolojia za leo zinaweza kuwa nzito zaidi zikiwa baridi kuliko zikiwa na joto. Mashine iliyopimwa ikiwa imeshachemka tu haijamaliza mtihani.

Baada ya kila jaribio, soma daftari la matukio. Kwenye Windows fungua Event Viewer, utafute chanzo kiitwacho WHEA-Logger. Tukio namba 19 ni kosa la maunzi ambalo prosesa imelisahihisha yenyewe. Hukuona lolote kwenye skrini, lakini ni onyo kwamba uko ukingoni. Tukio namba 18 ni kosa lililoshindikana, na maelezo yake hutaja namba ya APIC inayokuelekeza kwenye kiini kilichokosea. Kernel-Power namba 41 utaliona pia, ila usilipe uzito. Linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Kwenye Linux, tafuta maneno «mce» na «Hardware Error» kwenye journalctl -k. Kwangu, hata tukio moja la namba 19 ambalo halikuwepo kwenye volteji ya kiwandani linatosha kunirudisha juu.

Umeniuliza saa ngapi. Kuna kanuni ya takwimu inayosaidia hapa: ukipima kwa muda fulani bila kuona kosa, unaweza kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba wastani wa makosa hauzidi matatu katika muda huo. Saa yako moja bila kosa, basi, bado inaruhusu kosa kila dakika 20. Saa 24 zinaruhusu kosa kila saa 8. Ukitaka kusema kwa kupima tu kwamba mashine haitakosea zaidi ya mara moja kwa mwezi, utahitaji siku 90 za kupima mfululizo. Hakuna atakayefanya hivyo, na hakuna haja. Karibu na ukingo makosa hubadilika haraka mno: milivolti chache zinatenganisha mashine inayoanguka kwa dakika na ile inayoanguka kwa wiki. Kwa hiyo ninachokiamini ni ile nafasi niliyoiacha juu ya shimo, na saa za kupima zinanisaidia kujua tu kama nimelipata shimo lenyewe, kwenye kila kidato cha ngazi. Usiku mmoja wa Prime95, usiku mmoja wa CoreCycler, saa chache za y-cruncher, kisha wiki moja au mbili za matumizi ya kawaida nikiwa nimeshikilia nakala rudufu: hapo naridhika, ikiwa tu nafasi ipo.

Turudi kwenye mashine yako. Kwanza tupate uhakika kwamba mkosaji ni volteji. Ondoa punguzo lote, ubakize gigahezi 3.6, uiache usiku. Lakini kumbuka hesabu ya hapo juu: iliganda mara mbili katika usiku saba, kwa hiyo usiku mmoja au mitatu ya amani haisemi mengi. Unahitaji usiku 11 bila kuganda ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba kweli kuna kilichobadilika. Kama huna subira hiyo, fanya kinyume: chomoa diski zenye mali yako, ongeza punguzo lifike milivolti 150, uiache ipumzike. Ikiganda ndani ya saa moja au mbili badala ya siku kadhaa, umeshampata mkosaji. Unaweza pia kuzima kwa muda hali za usingizi mzito wa viini, zile zinazoitwa C-states. Kuganda kukikoma, ushahidi umeongezeka. Usiziache zimezimwa lakini, maana utapoteza sehemu ya umeme uliokuwa ukiutafuta.

Ikithibitika, angalia kama BIOS yako inakuruhusu kuhariri ngazi kidato kwa kidato. Ikiwa inaruhusu, rudisha vidato vya chini kwenye volteji ya kiwandani na uache punguzo kule juu tu, kwani umeme mwingi huliwa kule, na kupumzika hakuli kiasi cha kukusumbua. Kama haikuruhusu, kwa kuwa wewe umeshaizuia kasi kwenye 3.6, mimi ningeacha punguzo nikaweka volteji moja isiyobadilika, ile uliyoithibitisha chini ya mzigo pamoja na nafasi yake. Megahezi 800 kwenye volti 1.10 haziwezi kukosa umeme, na viini vikilala usingizi mzito bado vinakatiwa. Njia ya tatu ni kupunguza punguzo lenyewe, tuseme kutoka 125 hadi 75. Ni rahisi kuliko zote na unaiacha faida mezani, lakini ni njia halali. Mpangilio wa ubao unaokinza kuzama kwa volteji chini ya mzigo uuache kwenye kiwango cha kati au ulivyokuja. Ukiukaza sana, volteji itaruka juu kila mzigo unapoondoka.

Siku moja ukiboresha BIOS ukaikuta sehemu ya volteji imefungwa, usishangae. Desemba 2019 watafiti walitangaza shambulio la Plundervolt, lililoonyesha kwamba kushusha volteji kwa makusudi kunaweza kuvujisha siri zilizofungiwa ndani ya prosesa za Intel, na tangu hapo mifumo mingi hufunga mlango huo. Hata usipofungwa, BIOS mpya inaweza kubadilisha ngazi yote ya volteji, na punguzo lilelile likakushusha mahali tofauti. Rudia majaribio mafupi, soma daftari la matukio, na usiku wako 11 uanze kuhesabiwa upya.